Duara Langu kwenye Mchoro wa Kaka

Baba yangu alifariki miaka mitatu kabla sijazaliwa, na mpaka nilipofikisha miaka thelathini na sita sikuwa nimeona jambo lolote la ajabu katika sentensi hiyo.

Najua unacheka. Cheka tu, hata muuguzi alicheka, na yeye alikuwa kazini. Lakini ngoja kwanza nieleze jinsi mtu mzima, mwenye duka lake, anayepiga hesabu za madebe ya rangi bila kikokotoo, anavyoweza kutembea na hesabu kama hiyo kichwani asiijumlishe. Kwetu ni Kenya, upande wa ziwa, na kwetu mwanamume aliyetoa ng'ombe wa mahari haachi kuzaa kwa sababu tu amekufa. Mjane hutafutiwa mtu wa kumsimamia, na watoto wanaopatikana baada ya hapo ni wa marehemu. Hawaitwi wa kambo wala wa nje. Ni wake kwa jina, kwa shamba na kwa mahali pa kuzikwa. Yule aliyemsimamia mjane ana kwake na ana watoto wake, na hakuna anayemtaja. Juu ya hayo, mama yangu alikuwa mtu wa kanisa hasa, wa kitambaa cheupe na vikao vya akina mama kila Alhamisi, na kanisa lake lilikuwa limepiga marufuku kurithi wajane. Kwa hiyo mila ilisema mimi ni mtoto wa marehemu, na kanisa likasema yule mtu mwingine hakuja kabisa. Katikati ya hao wawili, mimi ningelipata wapi swali la kuuliza?

Mwaka aliokufa baba niliujua, kwani uliandikwa kwenye msalaba wake. Mwaka wangu wa kuzaliwa niliujua pia. Miaka hiyo miwili ilikaa kichwani mwangu kama wapangaji wa nyumba moja wasioamkiana.

Tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu aliyenitangulia kwa miaka kumi. Baba alikuwa mtu wa reli, hapa hapa Kampala, zamani za kabla mambo hayajaharibika, na ugonjwa ulipomzidi alirudishwa nyumbani kufa. Alianza kucheza bila ngoma, ndivyo walivyosema. Mabega yalipanda na kushuka yenyewe, vidole vikapapasa hewa, mwishowe hata kijiko cha uji hakikufika mdomoni. Babu alikuwa amekufa hivyo hivyo, na shangazi mmoja. Kijijini walisema amerogwa na mwenzake wa kazini aliyetaka cheo chake, ingawa hakuna aliyeeleza huyo mwenzake alimjulia wapi babu.

Vita vya themanini na sita vilipokwisha, kaka alivuka mpaka kuja huku Kampala kutafuta maisha, na miaka miwili baadaye akaniita. Alikuwa fundi wa kuandika vibao, na alikuwa amefika wakati wake. Mji mzima ulikuwa unafungua upya milango yake, na kila mlango ulitaka jina. Kaka aliandika kinyozi, aliandika bucha, aliandika duka la dawa, herufi zimesimama wima bila rula, na watu wa Nakivubo walikuwa wakisimama tu kumtazama akivuta mstari. Mimi nilianza kwa kumwoshea brashi, nikaishia na kibanda changu mwenyewe cha kuuza rangi pale pale Nakivubo. Tulipanga chumba na sebule kwenye fleti za Bukoto. Juu ya redio tulitundika picha ya baba akiwa na sare ya reli, kofia mkononi, na kila asubuhi nilipokuwa natoka nilimwambia, "Baba, nimekwenda."

Kaka alikuwa na miaka thelathini na tatu bucha mmoja alipomwita arudi kutazama kibao alichoandika siku iliyotangulia. Nilikuwepo, nimepeleka bili ya rangi.

"Fundi," yule bucha alisema, "hii langi yako inakimbia kwenda wapi? Umekunywa walagi?"

Herufi za mwisho zilikuwa zimeteremka ngazi. Kaka hakuwa amewahi kuonja pombe maishani. Alitazama kibao, akatazama mkono wake, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akairusha brashi ukutani na kumtukana mteja mbele za watu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekasirika, kwa sababu yule bucha alikuwa analipa vizuri.

Miaka miwili ikapita kabla hatujapata jina la jambo lenyewe, na sitaki kuisimulia yote kwa sababu nitajiharibia siku. Waliompima malaria walimpata na malaria. Waliompima taifodi walimpata na taifodi. Wachungaji wawili walimfunga kwa maombi, mmoja kwa kumkalia kifuani. Zilikuwa zile enzi ambazo mtu akikonda tu Kampala kila jirani alikuwa na jibu lake, na hilo nalo tulipima, na hakuwa nalo, na hakuna jirani aliyeamini. Mke aliyekuwa amemwoa huku Kampala aliondoka kabla hawajapata mtoto. Alisema hawezi kulala na mtu anayepiga mateke usingizini. Sikumlaumu sana, ingawa nilimnyima godoro.

Hatimaye mtu akatuelekeza kwa daktari mmoja wa ubongo aliyekuwa na chumba juu ya duka la dawa huko Mengo, ukipita ukuta wa Lubiri, kasri la mfalme. Alikuwa Muganda aliyesomea Tanzania akiwa mkimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alimtazama kaka akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, akamwomba atoe ulimi na kuuacha nje. Ulimi ulikataa kukaa. Daktari akauliza kama baba yetu yuko hai.

Ugonjwa una jina la daktari fulani wa kizungu wa zamani, na kaka alilikataa siku ile ile. Alitaka aelezwe unavyofanya kazi. Basi daktari akamweleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili mna maandishi, na mzazi humnakilia mtoto. Katika jeni moja kuna neno fupi la herufi tatu linalorudiwarudiwa. Kwa watu wengi linarudiwa kiasi, na mtu anazeeka salama. Katika koo chache limerudiwa kupita kiasi, na mwenye nalo hukua vizuri, husoma, huoa, kisha akifika thelathini au arobaini, ile sehemu ya ubongo inayoutuliza mwili huanza kufa kidogo kidogo. Dawa ya kuizuia haipo.

"Kwa hiyo fundi wa kwanza alisahau kusimama," kaka alisema.

"Hasa," daktari akasema, "na kila aliyemfuata akanakili kosa lake."

Kisha akatugeukia wote wawili. Mwenye maandishi hayo, alisema, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuyapata. Hayaruki kizazi, hayachagui wa kike au wa kiume. Ni shilingi inayorushwa upya kwa kila mtoto. Alinitazama mimi aliposema "kila mtoto", akanitazama kwa upole, na nikauchukia upole wake.

"Nichoreeni familia," alisema tulipokuwa tunaaga. "Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyeugua mjaze weusi. Aliyekufa mpige mstari wa mshazari, mwandikie na umri aliokufa nao."

Unampa fundi wa vibao kazi ya namna hiyo! Kaka alinunua karatasi ya manila, akaitandaza sakafuni Bukoto, akachukua rangi yangu nyeusi na nyekundu na brashi nyembamba kuliko zote. Ilimchukua siku tatu, maana alingoja mkono utulie, akavuta mstari, akangoja tena. Babu akawa mraba mweusi, shangazi duara jeusi, baba mraba mweusi. Chini ya baba na mama akashusha mistari miwili iliyonyooka: mwishoni mwa mmoja mraba wake, mwishoni mwa mwingine duara langu. Mraba wake aliuacha mtupu. Alisema hatajaza kabla ya majibu. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko kibao chochote alichowahi kuandika, na daktari alipouona aliubandika ukutani ofisini kwake, mahali ambapo wengine huweka kalenda.

Damu ya kaka ilipelekwa nje ya nchi. Majibu yalichukua miezi kumi na mmoja kurudi. Yaliposomwa, kaka aliomba manila ishushwe, akatoa kopo dogo la rangi nyeusi mfukoni, alikuwa amekuja nalo, akajijaza mwenyewe pale pale mezani pa daktari. Alimwaga kidogo nje ya mstari, na hilo ndilo lililomuudhi. Duara langu likabaki jeupe.

Weupe ule ulinitesa. Sitalipamba jambo hili. Tangu siku ile nilianza kujipeleleza kama mke mwenye wivu. Kila asubuhi nilinyoosha mikono mbele ya picha ya baba na kuhesabu mpaka sitini. Dukani nilimimina rangi kutoka debe kubwa kwenda kopo dogo bila faneli, makusudi, kuona kama nitamwaga. Nikiangusha kifuniko nilifunga duka na kurudi nyumbani. Nikimjibu mteja vibaya, nilijiuliza kama ni hasira yangu ya kawaida au ni ile ya ugonjwa, kwa sababu ugonjwa huanza na hasira, na mimi, Mungu anisamehe, nilizaliwa nayo tele.

Nikiwa na miaka ishirini na saba alinichumbia askari polisi mmoja wa Lira, mtoto wa mama Mwislamu na baba Mkristo, aliyeishi kwenye kambi jirani na fleti zetu. Alikuwa akija kununua rangi ambayo haikuwa na kazi. Alikuwa na makopo sita ya rangi nyeupe chini ya kitanda chake kambini kabla hajathubutu kusema lililomleta. Nilimpenda. Nilimpeleka Mengo, nikamsimamisha mbele ya manila, nikamwonyesha duara langu na shilingi inayozunguka juu yake.

Alikitazama kile kitu kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mimi hapana oa karatasi. Mimi naoa wewe."

Nikamkataa. Niliwaona watoto wetu wanne wakicheza bila ngoma kwenye uwanja wa kambi, mmoja baada ya mwingine, na mimi mwenyewe nisiweze kuwashika. Mama na kaka niliwaambia ni mambo ya dini. Mama aliyekuwa kijijini sikumwambia habari ya manila wala ya shilingi. Kwake, kaka alikuwa na ugonjwa wa baba, basi, na mimi niliona mzigo huo mmoja unamtosha. Yule polisi alihamishwa akarudi kwao, akaoa, na nasikia ana watoto watano, wa kwanza mrefu kama yeye.

Utauliza kwa nini sikupima. Daktari aliniuliza vile vile kila mwaka, kwa adabu. Nilikuwa naogopa, ndiyo sababu. Jibu la namna ile ukishalisikia huwezi kulirudisha dukani. Nikakaa na weupe wangu mwaka hadi mwaka, huku kaka akipoteza brashi kwanza, kisha vifungo vya shati, kisha ngazi, mpaka mama akaja kutoka nyumbani kunisaidia kumlisha.

Halafu siku moja debe la lita nne la rangi nyekundu lilinitoka mikononi likammwagikia mteja kuanzia kiunoni kwenda chini. Alikuwa amevaa suti. Nilimlipia suti, nikafunga duka, nikapanda Mengo moja kwa moja na wekundu kwenye viatu, nikasema imetosha, nitoeni damu.

Muuguzi wa daktari alikuwa mgeni, binti wa Kiganda mwenye haraka, aliyekuwa anapenda fomu zake zikae sawa. Fomu ilitaka mwaka wa kuzaliwa wa anayepimwa na mwaka wa kifo cha mzazi aliyeugua. Nilijaza. Akasoma. Akasoma tena.

"Nnyabo, hii kalatasi iko na makosa."

"Haina makosa."

"Baba alikufa huu mwaka?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulizaliwa huu?"

"Ndiyo."

"Sasa baba alikufa mbere ya wewe kuzaliwa. Miaka tatu mbere." Akacheka, kicheko kidogo tu, akanisukumia kalamu. "Badirisha moja."

"Sibadilishi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imepanda. "Zote ni sahihi. Huyo ndiye baba yangu, ni mtoto wa nani mwingine unayetaka niwe?"

Ndipo nikajisikia. Nilisimama pale na kalamu ya kliniki mkononi, na wale wapangaji wawili kichwani mwangu wakaamkiana kwa mara ya kwanza.

Daktari alitoka, akaichukua fomu, akageuka kuitazama manila ukutani. Ilikuwa imekaa pale miaka kumi na mmoja. Nilimwona akishuka rangi.

"Niliuliza umri," alisema. "Sikuuliza mwaka."

"Umesoma mpaka ng'ambo," nikamwambia, "na ukashindwa kuuliza mwaka?" Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Alinivumilia. Kisha akanieleza kwamba mambo ni mawili. Kama aliyenizaa ni ndugu wa damu wa marehemu, huenda naye alikuwa na maandishi yale, na bado niko hatarini, ingawa si nusu kwa nusu tena. Kama ni mtu mwingine kabisa, asiye wa nyumba ile, basi miaka yote hii sikuwa na sababu ya kuogopa zaidi kuliko yule muuguzi. Nenda kaulize, alisema.

Nilimkuta mama akimlisha kaka uji kwa kikombe cha mtoto, kile chenye mdomo. Niliuliza wima, bila hata kuketi, na mama hakugeuka.

"Baba yako ni yule pale," alisema, akaelekeza kidevu kwenye picha juu ya redio. "Alitoa ng'ombe kumi na moja."

"Mama, daktari hataki mtu wa ng'ombe. Anataka aliyenizaa."

"Aliyekuzaa ni mimi. Mwambie daktari ni mimi, na natosha."

Akamfuta kaka mdomo, akafunga kitambaa chake cheupe, akaenda kanisani, na ilikuwa Jumanne, siku ambayo kanisani hakuna kitu. Nikabaki sebuleni nikitetemeka, na kwa mara ya kwanza sikujali mkono wangu unatetemeka kwa nini.

Kaka ndiye aliyesema. Wakati huo maneno yake yalikuwa yanatoka kwa kuvunjika, neno moja likichukua muda wa sentensi nzima, na uso wake ukienda huku na huku ukilitafuta. Nayaandika hapa yakiwa mazima kwa sababu ndivyo alivyoyakusudia.

"Alikuwa na baiskeli," kaka alisema. "Alitoka ng'ambo ya mto. Hakuwa wa ukoo wetu."

Kaka alikuwa na miaka minane siku wazee walipokaa na mama kumchagulia msimamizi. Alijificha nyuma ya ghala la mahindi akasikiliza. Wazee walimwekea mama shemeji zake watatu, mmoja baada ya mwingine, na mama, mjane wa miaka ishirini na kitu, aliwakataa wote watatu mbele ya uso wao. Alisema nyumba hii inacheza. Alisema amemzika mkwe akicheza, amemzika wifi, amemzika mume, na mtoto wake wa pili hatakuwa wa kucheza. Wakamwambia anavunja mila. Akawaambia basi mila imlishe mtoto huyo uji. Mwishowe walichoka naye, wakamwacha ajitafutie, na akamleta mtu wa baiskeli ambaye kwao watu wanazeeka wamekaa kimya kwenye viti vyao.

Nilisikia hayo nikakaa chini. Mama yangu, aliyeishia darasa la tatu, alikuwa ameyajua kabla sijazaliwa mambo ambayo daktari alitueleza kwa nusu saa. Na alikuwa ameyafanyia kazi.

"Na wewe ulijua," nilimwambia kaka. "Ulijua, ukanichora chini ya baba. Kaka, nimekaa miaka kumi na mmoja nikisubiri kufa. Nimemfukuza yule mtu. Kwa nini ulinichora pale?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. Kichwa kilienda kushoto, kikarudi.

"Daktari alisema nichore familia," alisema. "Ningekuchora wapi?"

Mama aliporudi nilimngoja mlangoni. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikuambie nini? Kwamba huna baba?"

"Kwamba sitaugua!"

"Na nani alikuambia utaugua?" mama aliuliza. Alikuwa anashangaa kweli. Mkono ulibaki kwenye fundo la kitambaa. "Ulisema yule polisi ni mambo ya dini. Mimi nikaomba, nikafunga. Nilifikiri hutaki wanaume."

Tukasimama tunatazamana kwenye ule mlango mwembamba wa Bukoto, majirani wakipita na ndoo. Mimi nilikuwa nimemficha ugonjwa nisimtishe, naye alikuwa amenificha dawa asiniaibishe, na tulikuwa tumekula sahani moja tangu alipokuja. Nilitaka kupiga kelele. Nadhani nilipiga, kwa sababu ndoo moja ilisimama.

Nilisisitiza damu iende hata hivyo. Nilikuwa nimeshachoka na ushahidi wa watu. Ilirudi baada ya miezi mitano: lile neno kwangu limerudiwa kiasi, kama kwa mtu yeyote. Daktari alinipa mkono akafurahi, na mimi nilipaswa kufurahi. Nilihesabu umri wangu badala yake. Nilihesabu na watoto watano wa Lira, nikawagawa nisijue nawagawa kwa nini.

Kisha akasema lazima mchoro usahihishwe, maana sayansi haiwezi kukaa na uongo ukutani, hata ukiwa mzuri. Akachukua karatasi ya kawaida na kalamu ya wino, akachora upya haraka haraka: baba mraba mweusi, mama duara, na upande wa pili wa mama mraba mdogo mtupu usio na jina, na mimi nikining'inia chini ya huo. Mistari yake ilikuwa imepinda. Alinipa nakala nipeleke nyumbani.

Njia nzima kutoka Mengo mpaka Bukoto nilipanga maneno. Nilikuwa na haki nayo. Nitamwambia kaka kwamba kwa mistari yake miwili iliyonyooka amenilia ujana. Nitamwambia hata kama mkono ulikuwa umeshaugua, kichwa kilikuwa wapi. Nitamwambia sasa, akiwa bado anaelewa, kwa sababu akishaacha kuelewa nitamwambia nani?

Alikuwa kwenye kiti chake, mto kila upande asidondoke. Alinyoosha mkono akaitaka karatasi, nikamshikia mbele ya macho kwa sababu yeye hangeweza kuituliza. Aliisoma polepole, jinsi alivyokuwa akisoma kibao cha fundi mwingine, akianzia juu. Babu. Shangazi. Baba. Akafika chini, kwenye mraba wake mweusi, akatafuta kando yake.

"Fundi gani amechora hii?" aliuliza. "Ameniacha peke yangu."

Maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni. Niliikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, nikaitia mfukoni mwa gauni la duka lenye madoa mekundu.

"Ni daktari," nikamwambia. "Hajui kuchora."